Nalima Tu

Mwanangu Nassor,

Ya nguo nzito utakazoziacha, ya dawa za malaria na ya chaja, baba yako amekwisha kuyasema, na begi lako amelipima kwenye mizani ya bafuni mpaka mizani yenyewe imechoka. Hapo sina la kuongeza. Wewe umekwenda mtaa wa Ladywood kuwaaga wenzako, nami nimekaa kwenye meza ya jikoni. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu jambo nitakalolisema nikilihamishia kwenye lugha yako ya kila siku litapoteza nusu yake. Utasoma polepole. Ninajua ukikwama huwa unasoma kwa sauti. Basi soma kwa sauti, hata kama uko ndani ya ndege na jirani atageuka kukutazama.

Jumapili, tulipokuwa tunakula, ulisema kwamba msimamizi wako wa chuo anataka urudi kwenye swali fupi, lile nililokutungia mimi. Ukaniuliza ninaonaje. Nikajibu, "Mtii msimamizi wako." Ukasema, "Ndiyo, Mama," ukaendelea na wali wako. Wewe huniitikia kwa Kiswahili pale tu unapokata tamaa ya kubishana nami, kwa hiyo nilijua kwamba sijakusaidia.

Unakwenda Muheza kuchunguza jinsi shughuli za shamba zinavyogawanywa katika nyumba za wakulima, na jinsi mgawanyo huo unavyoamua ni mtoto gani abaki shuleni na ni yupi atoke. Ukifika utachagua swali, na swali utakalolichagua ndilo litakaloamua watu wale wataonekanaje katika kitabu chako. Nilikujibu haraka mno. Ngoja nikujibu tena.

Ulipolileta dodoso lako nyumbani, majira ya joto yalipoanza, ulikuwa umeandika, "Je, wewe uko na kazi?" Nilichukua kalamu. Nilikueleza, kama nilivyowaeleza wanafunzi wa Tanga miaka yote niliyofundisha, kwamba mtu hayuko na kazi kama alivyo na mwavuli mkononi. Ana kazi, au hana. Nikaandika, "Je, una kazi?" Maneno mafupi, kila moja mahali pake, hakuna la kuondoa wala la kuongeza. Nililifurahia swali lile kama seremala anavyofurahia droo isiyokwama.

Kisha ukataka kulijaribu. Kwa kuwa hapa Birmingham huna wakulima wa Muheza, uliamua kuanza na watu waliolima makwao kabla ya kuja. Nikakupeleka Shard End, kwenye zile bustani ambazo halmashauri hukodisha vipande, kwa maana watu wa pale ninawajua. Wengi wao nimewatafsiria hospitalini. Na nisikufiche, nilikwenda kusikiliza swali langu likifanya kazi yake.

Mvua ilikuwa ikinyunya. Mama Hibo, Msomali aliyekulia Garissa na kulima kando ya mto kule, alikuwa amepiga magoti kwenye vitunguu vyake, udongo umempanda mpaka viwikoni. Ukamwuliza kama alipokuwa Kenya alikuwa na kazi.

"Kazi? Wapi! Sikuwa na kazi, nilikuwa tu hapo kwa shamba," alisema, bila kuacha kung'oa magugu. "Andika hakuna."

Mzee Kombo wa Pemba alikuwa kwenye kipande cha pili, anasimika vijiti vya maharage. Yeye alijibu kabla hujamaliza kuuliza.

"Mie kazi sijapata kuwa nayo, mwanangu. Nikilima tu. Kaka'angu ndiye aliyekuwa na kazi, tarishi kwa mudiri, yule mkubwa wa serikali. Akishinda amekaa."

Na Maman Furaha wa Bukavu, mwenye kofia ya manyoya kiangazi na masika, akatikisa kichwa. "Apana. Sikukuwa na kazi. Nilikuwa nalimaka tu."

Ukaandika hapana, hapana, hapana.

Nami, mama yako, nilikuwa na fikira moja kichwani. Nilitaka kumweleza Maman Furaha kwamba ile "ka" aliyoipachika mwishoni mwa kitenzi haina kibali cha kuwapo. Naapa nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa. Hapo ndipo ulipoiweka karatasi ndani ya koti, ukachukua ndoo yake ya kumwagilia, ukaenda bombani, ukarudi nayo imejaa, na kusema, "Maman, niambie siku moja kwa shamba yako. Kutoka umeamka."

"Shamba lako," nikasema. "Na si 'kutoka umeamka.' Ni 'tangu ulipoamka.'"

"Mwalimu!" Mama Hibo alipaza sauti kutoka kwenye vitunguu. "Wacha mtoto aongee! Sisi wote tumemwelewa. Ni wewe pekee umebaki."

Mzee Kombo alicheka mpaka akashika kiuno. Nikarudi nyuma hatua moja, si kwa kupenda.

Maman Furaha alianza na makaa. Alisema kwamba kabla ya jua alikuwa akiyapuliza makaa ya jana yaliyofukiwa kwenye majivu, na kwamba namna yalivyowaka ilimwambia kama kuni zimepata unyevu, na kwa hiyo kama mvua ilipita karibu. Kisha mtoto mgongoni, jembe begani, mbegu za maharage zimefungwa kwenye ncha ya kitenge. Kilima chenyewe hukipandi bila kushika majani. Alipofika juu aliukanyaga udongo kwa kisigino ili ajue kama maji yameingia ndani au yamepita juu tu. Alitueleza namna anavyoyachagua maharage, haya ya kula, haya ya kuuza, haya ya kupanda, na mikono yake ilikuwa ikiyachagua mbele yetu hewani, pale Shard End, na mikononi hamna maharage. Ukamwuliza watoto walikuwa wapi wakati huo. Akasema kwamba wakati wa palizi hakuweza kuwapeleka wote shule. Aliyekuwa na mwandiko mzuri ndiye aliyekwenda.

"Na mwingine?" ukauliza.

"Mwingine alibakia na mutoto." Alijifuta mikono kwenye koti. "Hakuna mutu aliniulizaka ile."

Nassor, mwanamke yule nimemtafsiria miaka mingi. Ninalijua goti lake, ninaijua presha yake, ninajua dawa gani humletea kizunguzungu. Kilima chake sikukijua. Nilisimama pale na mwavuli umefungwa mkononi, mvua inaninyeshea, na sikukumbuka kuufungua. Nilikuwa nikimtazama kijana niliyemzaa, ambaye hajui ngeli ya shamba, akiwa ameshika ndoo na anasikiliza kwa mwili wake wote, na mbele yake mtu mzima anafunguka kama mlango ambao sisi wengine tuliupita tukidhani ni ukuta. Sikuwahi kumfungua mtu hivyo, kwa sarufi yangu yote. Sikujua kwamba unaweza. Sijui ulijifunza wapi, na hakika si kwangu.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani Washwood Heath ulilala kwenye basi. Mimi sikulala. Nilikuwa nikifikiri juu ya "tu."

Neno hili nimelifundisha maisha yangu yote. Ni kielezi; hukaa nyuma ya neno linalopunguzwa, na kazi yake ni kupunguza. Watu watatu walikuwa wamezungumza, na Kiswahili cha kila mmoja ningekisahihisha kwa namna yake. Mama Hibo ana makosa ya Kenya, Maman Furaha ana makosa ya Kongo, na Mzee Kombo ana lahaja yake ambayo kwa adabu siiti makosa. Lakini wote walilitia "tu" katika jibu, kila mmoja kwa desturi ya kwao, na hakuna aliyehitaji kufundishwa. Mto wa Garissa, karafuu za Pemba na vilima vya Bukavu havijuani, na bado neno lile lilikuwa limefika kote.

Nami nilikumbuka mahali nilipolipata mimi.

Nilikuwa darasa la tatu, shule ya Muheza. Mwalimu wetu alitusimamisha mmoja mmoja tuseme wazazi wetu wana kazi gani. Mtoto wa karani wa stesheni alisema kwa sauti ya karani. Ilipofika zamu yangu nilisema, "Mama yangu haina kazi, Mwalimu, analima tu." Darasa likacheka, kwa sababu nyumbani tulisema Kibondei na Kiswahili changu kilikuwa bado kinachechemea. Mwalimu hakucheka. Alikuwa mtu mwema na makini. Alinisahihisha kwa upole: "Mama ni mtu. Hatusemi haina, tunasema hana. Rudia."

Nikarudia: "Mama yangu hana kazi."

"Sawasawa. Kaa."

Siku ile nilikipenda Kiswahili. Nilihisi kwamba nimekabidhiwa kitu kilichonyooka, na kwa kitu hicho nilisoma, nikafundisha, nikavuka bahari, nikakulea. Wala sikitukani sasa. Lakini ona kilichotokea pale. Kiambishi kilisahihishwa na mwalimu hodari, na sentensi ikabaki uongo mtupu, na sote wawili, yeye na mimi, tukaridhika. Mama yangu wakati ule alikuwa shambani, ameinamia jembe mpaka mgongo unavunjika.

Jambo lingine nililiona baadaye, siku kadhaa baadaye, nikiwa ninamenya viazi, na kisu kikasimama. Kule kwetu ukimpita mtu yuko shambani, humpiti kimya. Unasema, "Pole na kazi." Naye hujiinua kidogo na kujibu, "Ahsante, nimekwisha kupoa." Mama alipewa pole na kazi na kila aliyepita njiani, tangu asubuhi mpaka jioni, kila siku ya maisha yake. Njia nzima ilijua kwamba ana kazi. Darasani tu ndiko ilikokuwa haijulikani. Kwa hiyo usidhani Kiswahili ndicho kilichomnyima mama yangu kazi yake. Kilimpa kila siku barabarani, na sisi tuliosoma tukaja na swali la kumnyang'anya.

Na kwa kuwa mimi ni mwalimu na siwezi kulala nisipolimaliza somo, nitakwambia na hili. "Tu" hilo hilo likitoka nyuma likaja mbele, linageuka. Wakulima tu ni watu ambao hawana lingine la kutaja. Tu wakulima ni watu wanaosema wao ni nani. Nimelifundisha hili mara nyingi ubaoni, nimelitungia mitihani, na sikuwahi kuona kwamba nilikuwa nimeandika mambo mawili yanayotazamana.

Sasa nije kwa msimamizi wako. Nilimwona siku ile mlipotukaribisha chuoni. Alinivutia kiti na akajitahidi kulitamka jina langu. Si mtu wa dharau. Anachokisema kina mantiki. Swali fupi huulizwa hivyo hivyo katika nchi nyingi, na majibu yake huweza kupangwa pamoja na kulinganishwa, ilhali swali lako refu, lile la siku moja shambani, linakula mchana mzima na litakurudisha na watu wachache. Alikwambia kwamba ukishikilia lako huenda sura nzima ya kitabu chako isikubaliwe. Ninalielewa hilo, na ndiyo sababu nilikwambia utii. Niliogopa. Mama anayemwona mwanawe amefika pale ambapo ukoo wake haujapata kufika hamwambii achezee nafasi yake. Anamwambia ashike kamba kwa mikono miwili na asitazame chini.

Lakini leo, baada ya alasiri, nilimpigia simu Mama yako Mkubwa.

Unamjua kwa sauti tu, dada yangu Mwanaidi, yule anayekuuliza kila Idi kama umekwisha kuoa. Mimi na yeye huzungumza kila wiki, na mazungumzo yetu hayana mpya: hujambo, sijambo, mvua zimenyesha, bado, watoto wazima, wazima. Leo baada ya salamu nilimwuliza swali lako. Nilijilazimisha nilitie kwa maneno yako, si yangu. Nikasema, "Dada, niambie siku yako ya jana, tangu ulipoamka." (Tangu ulipoamka. Samahani. Nilitaka kusema "kutoka umeamka" kama wewe, lakini hapo nilishindwa.)

"Kwani nimefanya nini?" alishtuka. "Nani kanisema?"

"Hapana aliyekusema. Ninataka kujua tu."

"Wewe! Miaka yote hukutaka kujua, leo umeota nini huko Uzunguni?"

Lakini alianza. Nassor, alizungumza mpaka chai yangu ikafanya utando. Alinitembeza kwenye lile bonde la mpunga ambalo nililiacha nikiwa msichana. Aliniambia ni kona ipi inayotuama maji sasa, na namna alivyoihamishia miche kona nyingine. Mbegu ipi aliyoiacha kwa kuwa masuke yake hujaa lakini hayakoboleki vizuri. Mbegu ipi ya zamani anaitunza kidogo kidogo pembeni, kwa kuwa ile mpya haijaonja bado mwaka mbaya na hajui itafanyaje. Mwaka mbaya! Anafanya majaribio, mwanangu. Amekuwa akifanya majaribio kwenye bonde lile maisha yake yote, kama wafanyavyo wenzako kwenye zile nyumba za vioo za kuoteshea mimea chuoni, na hajapata kuliita hivyo. Kisha akafika kwenye kuamia ndege. Mpunga ukianza kushika, kweleakwelea hushuka kama wingu, na lazima mtu awepo tangu alfajiri mpaka giza, apige debe na kurusha kombeo, asiondoke hata kula.

"Unaamia na nani?" nilimwuliza.

"Na nani? Peke yangu. Watoto wako shule."

"Mjukuu mmoja hawezi kukaa akusaidie?"

"Wewe ulipokuwa darasani unajifunza maneno yako, nani aliyekuwa akiamia?"

"Wewe, Dada."

"Haya. Na sasa ni mimi."

Alicheka aliposema hivyo, na hakukuwa na uchungu ndani yake, ninamjua. Lakini mimi nilikuwa nimesimama. Sikujua nilisimama saa ngapi. Niliyasikia madebe yale. Nilikuwa nikiyasikia kutoka darasani, tukiimba ngeli, "a-wa, u-i, li-ya," yakilia kule bondeni, na sikupata hata siku moja kuziunganisha sauti hizo mbili. Mtu mmoja, mwenye debe na kombeo, amewafukuza ndege kwa ajili yangu, kisha kwa ajili ya wanawe, na sasa kwa ajili ya wajukuu, ili katika kila kizazi pawe na mtoto aliyekaa darasani. Unakwenda Muheza kuuliza ni nini kinachomweka mtoto shuleni. Ninaogopa kusema kwamba ninalijua jibu, maana wewe ndiye mtaalamu. Lakini nimezungumza nalo leo, na linaitwa Mwanaidi.

Nilimwambia kwamba utakuja na maswali yako. Akasema, "Aje. Lakini mwambie simjibu nimekaa kitini kama mgonjwa. Atanikuta bondeni, asimame nami, na akichoka aseme." Nilimwambia pia kwamba Kiswahili chako kina matatizo. Akasema kwamba changu ndicho chenye matatizo, hakuna mtu kijijini anayesema hivyo.

Basi Nassor, zungumza. Usingoje ngeli zako zikae sawa, na usimchukue mkalimani kwa kuniogopa mimi. Nimekusahihisha tangu ulipotamka neno lako la kwanza, na nitakusahihisha tena ukirudi, kwa sababu siwezi kujizuia na kwa sababu shamba ni lako, si yako. Lakini kule usinisikie. Na ikiwa sura ile itakataliwa, ikataliwe. Chumba chako hatukikodishi, na mimi nitakwenda nawe kwa huyo msimamizi wako, nikae kwenye kiti kile alichonivutia, nimweleze neno "tu" mpaka aelewe. Nina subira. Nimewafundisha wagumu kuliko yeye.

Kabla sijakata simu nilitaka kuhakikisha jambo moja. Dada yangu alikuwa amekwisha kunieleza siku yake yote, na niliposikia pumzi yake nilijua kwamba yeye mwenyewe ameshangaa kuisikia ikitoka. Nikaona sasa amejiona. Nikamwuliza, kwa Kiswahili changu safi, "Dada, mtu akikuuliza, 'Je, una kazi?' utamjibuje?"

Hakufikiri hata kidogo.

"Nitamwambia sina. Ningekuwa na kazi, ningekuwa hapa?"

Utamkuta hivyo, mwanangu. Ni mkweli, atakujibu kwa moyo mweupe, nawe utaandika hapana, na bonde lote litafutika mbele ya macho yako. Swali langu halina kosa la sarufi hata moja. Usimwulize.

Mama yako